Biskuti za chembe za rangi: zinatambaa na rangi zinachuja. Nifanyeje?

MpishiWaArua (Arua)

Habari zenu wapendwa. Sikukuu inakaribia, na wanangu wameomba biskuti zenye zile chembe za sukari za rangi nyingi ambazo hunyunyiziwa keki za siku ya kuzaliwa. Biskuti za kawaida ninaoka bila shida, lakini hizi zimenipa taabu kwa namna mbili. Kwanza, zikishapata moto hutambaa mpaka zinagusana, na badala ya biskuti za duara ninaepua kipande kimoja chembamba chenye kingo zilizoungua. Pili, rangi za zile chembe huchuja ndani ya kinyunga kabla hata hakijafika motoni. Nyekundu, kijani na buluu zikishachanganyika, biskuti nzima huwa na rangi ya majivu, na watoto hawana hamu nayo.

Ninachotumia ni unga wa ngano vikombe viwili, majarini nusu kikombe ambayo huiyeyusha kwanza, sukari ya kahawia kikombe kimoja, yai moja, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, na maziwa kidogo ya kulainishia. Chembe zenyewe ni vile vidonge vya mviringo vidogo kama punje za ulezi, ambavyo dukani hupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki). Sina oveni; ninaoka kwenye sigiri, ndani ya sufuria kubwa. Friji ipo, lakini umeme hukatika mara kwa mara, na wakati wa kiangazi majarini hulainika mezani muda mfupi tu baada ya kopo kufunguliwa. Naomba mnieleze kama kasoro iko kwenye mafuta, kwenye sukari, kwenye moto au kwenye chembe zenyewe, na kama inawezekana kupata biskuti nzuri bila kununua oveni.

MwokajiNtinda (Kampala)

Dada, pole kwa usumbufu. Oveni si lazima hata kidogo. Matatizo yako mawili yana mzizi mmoja, nao ni kwamba kinyunga chako kina umajimaji mwingi mno na kinafika motoni kikiwa na joto tayari.

Biskuti inapoingia motoni, mafuta huyeyuka kwanza, na unga pamoja na yai hushikamana baadaye. Siagi huwa kimiminika ifikapo nyuzi joto 32 hadi 35 hivi, ilhali yai na wanga wa unga havianzi kushika mpaka joto la ndani lipite nyuzi 60. Katika muda huo wa katikati hakuna kinachoizuia biskuti isitambae. Kwa hiyo ukianza na majarini iliyokwisha kuyeyuka, biskuti itatanda kabla unga haujapata nafasi ya kuishikilia. Ukianza na mafuta yaliyo baridi na magumu, kingo zitaanza kukauka wakati katikati bado hapajalainika, na duara lako litabaki duara.

Soma pia kopo la majarini yenyewe. Majarini nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kupaka mkate, na hizo huwa na maji mengi. Tafuta ile iliyoandikwa kuwa ina mafuta asilimia 80 au zaidi, au tumia siagi halisi kama mfuko unaruhusu. Maziwa yaache kabisa, kwa sababu maji ya yai moja yanatosha.

Vipimo ninavyovitumia ni hivi: unga wa ngano wa kawaida (usiwe ule uliokwisha kutiwa bekingi pauda) gramu 300, siagi au majarini gramu 170, sukari gramu 150, yai moja, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai, na chembe za rangi gramu 70 hivi. Hapo hutoka biskuti kama 30. Ukilinganisha na mapishi yako utaona kwamba nimepunguza sukari na bekingi pauda. Vyote viwili vikizidi huisaidia biskuti kutambaa.

Sukari napendekeza iwe nyeupe. Ile ya kahawia tuliyoizoea ni nzuri kwa chai, lakini asali ya miwa iliyomo (molasi) huvuta unyevu na kukipaka kinyunga rangi ya hudhurungi, na juu ya hudhurungi hakuna rangi inayong'aa. Kama punje zake ni kubwa, itwange kidogo kwenye kinu au uizungushe kwenye blenda mara chache, lakini usiifanye vumbi.

Piga majarini laini (isiyoyeyuka) pamoja na sukari kwa mwiko mpaka mchanganyiko uache unjano wake na kuwa mweupe kama krimu. Utasikia mwenyewe: mwanzoni mwiko hukwaruza sukari ubavuni mwa bakuli, kisha mkwaruzo unapungua na mkono unakuwa mwepesi. Tia yai na vanila, halafu unga uliochungwa pamoja na bekingi pauda na chumvi. Chembe za rangi ziingie mwisho kabisa, wakati unga umekwisha kupotea, na uzigeuze kwa mizunguko michache tu. Kila mzunguko wa ziada unazikwaruza na kuzitoa rangi.

Sasa chembe zenyewe. Vile vidonge vya mviringo ni karibu sukari na rangi tupu, na vikiguswa na unyevu huanza kuyeyuka papo hapo. Kuna aina nyingine, nyembamba na ndefu kama vijiti vifupi, ambayo huwa na mafuta kidogo ndani na hupakwa ganda la kung'aa. Hiyo huvumilia kinyunga vizuri zaidi. Ukifika dukani na hujui ni zipi, nunua kidogo, weka chembe chache kwenye kisosi, zidondoshee maji na usubiri dakika moja. Maji yakipata rangi mara moja, hizo usizichanganye ndani. Zibandike juu tu. Vidonge ulivyonavyo havijapotea bure: viringisha donge la gramu 25, likandamize kidogo, kisha ligonge upande wa juu kwenye sahani ya chembe muda mfupi kabla ya kuliweka motoni.

Kupoza kinyunga ni jambo la lazima kwa Arua. Kikipata dakika 30 hadi 60 kwenye friji kinatosha. Umeme ukikatika, funika bakuli, liweke ndani ya beseni la maji baridi, tandaza kitambaa kibichi juu yake na uliache kivulini penye upepo. Kiangazi chenye hewa kavu hufanya kazi hii vizuri, kwa kuwa maji yanapokauka kwenye kitambaa huondoka na joto. Kazi yote ifanyike alfajiri, kabla jua halijapanda.

BibiWaBombo (Bombo)

Asalamu alaikum. Mwanangu, mwenzangu amekueleza vizuri habari ya kinyunga, mimi nitaongeza habari ya sigiri, maana hapo ndipo biskuti nyingi zinapoharibika hata kama vipimo ni sahihi.

Biskuti hutaka moto wa juu kuliko wa chini. Tandaza mchanga mkavu, uliochekechwa na kuoshwa, kama vidole viwili kwenda juu ndani ya sufuria nzito, au kama huna mchanga panga vijiwe vitatu vya kushikilia trei. Funika na upashe sufuria moto kwa dakika 15 hadi 20 kabla biskuti haijaingia, kwa sababu biskuti ikiwekwa kwenye sufuria ya vuguvugu mafuta yatayeyuka taratibu, na tutarudi kwenye kutambaa kule kule. Kisha punguza makaa ya chini mpaka yabaki machache, yaliyotawanywa pembeni badala ya kurundikwa katikati, na upalie mengi zaidi juu ya mfuniko. Mfuniko uwe wa bati lililonyooka, usiopitisha majivu.

Kupima moto, nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha karatasi na ukiweke juu ya trei tupu ndani ya sufuria. Unga ukigeuka mweusi mara moja, moto ni mkali. Ukigeuka rangi ya dhahabu polepole, ingiza biskuti. Ziachie nafasi ya vidole viwili kati yake. Usifunue kabla ya dakika nane. Zitakuwa tayari kingo zikianza kuwa na rangi ya dhahabu na katikati pakiwa bado panaonekana laini kidogo. Ziache kwenye trei dakika tano zijikaze, ndipo uzihamishe. Ukisubiri katikati nako pawe na rangi, umechelewa, na zile chembe za juu nazo zitakuwa zimeanza kuungua.

Nakusihi sana, sigiri isiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watoto wanaosubiri biskuti hupenda kukaa karibu. Oka uani, au fungua mlango na madirisha yote.

Kwa sisi Waislamu, soma maandishi ya pakiti. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutokana na wadudu waliokaushwa, ganda la kung'aa lenye namba E904 hutokana na utomvu wa mdudu, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe kama haikuandikwa vinginevyo. Juu ya hizo mbili za mwanzo wanazuoni wanatofautiana, kwa hiyo muulize sheikh wako, lakini huwezi kuuliza usichokijua, na kavera isiyo na maandishi haitakuambia kitu. Vanila ya chupa nayo aghalabu hutengenezwa kwa kilevi. Nchi yetu inalima vanila nzuri, Mukono na Bundibugyo. Chukua ganda moja, lipasue, ulizike kwenye mtungi wa sukari nyeupe wenye mfuniko kwa wiki mbili. Sukari hiyo itatosha kunukiza biskuti bila tone la chupa.

JikoLaKabale (Kabale)

Naunga mkono yote, ila kwa yeyote anayesoma haya akiwa milimani: huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hewa ya bekingi pauda hupanuka zaidi na unyevu hukauka haraka, sukari ikabaki nzito ndani ya kinyunga, na biskuti hutambaa hata ikiwa imepozwa. Mimi hupunguza bekingi pauda hiyo ya nusu kijiko hadi robo, huongeza unga vijiko viwili vya chakula na hupunguza sukari kijiko kimoja. Arua haihitaji mabadiliko hayo.

MpishiWaArua

Ninawashukuru wote, na Bibi, shikamoo. Nimeoka leo asubuhi kwa vipimo vya Ntinda na makaa ya juu kama alivyoeleza Bibi. Biskuti zimebaki duara, na rangi zimekaa juu zikiwa safi. Nina swali moja lililobaki. Mtoto wangu mdogo ana miaka mitatu, na maneno ya kavera isiyo na maandishi yamenigusa. Je, ninaweza kutengeneza chembe zangu mwenyewe kwa rangi za mimea?

MwokajiNtinda

Hongera sana. Wasiwasi wako una msingi. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi sita fulani za viwandani, yaani E102, E104, E110, E122, E124 na E129, kiandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Hazikupigwa marufuku, na biskuti mbili za sikukuu si jambo la kumnyima mtu usingizi, lakini mzazi ana haki ya kujua anachonunua. Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani na yenye orodha ya viambato, na ikiwa imetengenezwa hapa nchini, tafuta alama ya UNBS, yaani shirika la viwango la Uganda. Vile vidonge vigumu vya rangi ya fedha usimpe kabisa mtoto wa miaka mitatu.

Kutengeneza mwenyewe kunawezekana. Chukua gramu 120 za sukari laini ya unga, ile ya kupambia keki, na uilainishe kwa maji ya rangi, tone kwa tone, vijiko vitatu vya chai hivi, mpaka iwe rojo zito linaloshikilia umbo. Manjano (bizari) hutoa rangi ya njano, maji ya bitiruti hutoa waridi, na maji ya mchicha uliopondwa na kuchujwa hutoa kijani hafifu. Tia rojo kwenye kavera safi, kata ncha ndogo sana, chora mistari myembamba juu ya karatasi ya kuokea, iache ikauke siku nzima kivulini, kisha ivunjevunje kwa vidole.

Chembe hizo zisiingie motoni. Wekundu wa bitiruti hufifia na kuwa kahawia kwenye joto, na manjano ikikutana na magadi hugeuka nyekundu. Oka biskuti tupu, zipoe kabisa, zipake juu rojo jembamba la sukari na ndimu, na unyunyize chembe kabla halijakauka.

Kuhusu kuhifadhi, usizifunike zikiwa na joto hata kidogo. Mvuke utakusanyika kwenye mfuniko, utadondoka, na rangi zitachuja upya. Zikishapoa ziweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya safu na safu. Zile zilizookwa na chembe za dukani zitakaa wiki nzima, na zenye chembe za mimea ziliwe ndani ya siku mbili au tatu, tena zikae mbali na jua la dirishani, kwa sababu rangi ya manjano hufifia kwenye mwanga.