Tulilipia mapumziko ya wawili Dar es Salaam na Unguja, tukakimbizwa siku zote: ninadai fedha zetu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika nikiwa na hasira, na nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika ili hasira hiyo isinisukume kusema jambo nisiloweza kulithibitisha. Karibu kila ninachokieleza hapa nina risiti yake, ujumbe wake wa simu au ratiba yake yenye mhuri, isipokuwa maneno ya nahodha mmoja mzee, ambayo mimi na mume wangu tuliyasikia kwa masikio yetu wenyewe.

Mimi ni muuguzi na mume wangu ni mwalimu wa sekondari, tunaishi Morogoro. Mwaka huu tumetimiza miaka 15 ya ndoa, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu pasipo msiba wa kuwahi, harusi ya ndugu au mtoto mgongoni. Tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miezi 14, yeye kutoka kwenye fedha za kusahihisha mitihani na mimi kutoka kwenye malipo ya zamu za ziada, mpaka zikatimia shilingi 1,680,000 ambazo wakala wa safari tuliyempata mtandaoni alitutajia kuwa ndiyo gharama ya usiku mmoja Dar es Salaam na usiku tatu Mji Mkongwe, Unguja, katika wiki ya pili ya Juni 2025, shule zikiwa zimefungwa. Nilimwandikia wazi kwamba sisi hatutafuti kuona vitu vingi. Tunataka kuamka tutakapoamka, kula taratibu, kutembea kando ya bahari na kukaa. Alijibu kwa neno moja: "Mmefika."

Treni haikuwa na kosa. Tulipanda ile ya umeme asubuhi ya Jumatatu, ikaondoka kwa wakati na ikatufikisha Dar es Salaam mapema, na jioni hiyo tulikwenda Coco Beach tukala mihogo ya kukaanga na mishkaki huku maji yakipanda miambani. Hayo yalikuwa ndiyo mapumziko tuliyoyalipia, na yalidumu kwa saa mbili tu, kwa sababu tukiwa bado pale simu iliita na wakala akasema boti yetu ya kesho imebadilishwa. Ratiba iliyopigwa mhuri ilisema tungevuka Jumanne saa tisa na dakika 45 alasiri, baada ya kupita soko la samaki la Feri, Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea iliyo jirani yake. Sasa tulitakiwa tuwe bandarini kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa ajili ya boti ya saa moja. Nilipouliza sababu, aliniambia kuna kundi la watu wanane ambalo "limeunganishwa nasi" ili gari la kutupokea upande wa pili liwe moja. Hatukuulizwa kama tunakubali kuunganishwa, na bei ya watu wawili waliotengewa huduma yao peke yao ilibaki vilevile.

Tukavuka. Bahari ya Juni kusi linapovuma si ya mchezo, na nusu ya abiria walishika mifuko ya kutapikia, lakini hilo ni la Mungu na silimlaumu mtu. Tulishuka bandari ya Malindi, Unguja, karibu saa tatu, tukasimama nje ya geti dakika 50 tukisubiri gari, kisha tukafika hotelini na kuambiwa kwamba chumba hakitakuwa tayari kabla ya saa nane mchana. Ile asubuhi ya Dar es Salaam tuliyonyang'anywa tuliimalizia kwenye benchi la mapokezi, mabegi yakiwa miguuni petu.

Pale mapokezi mhudumu alituomba cheti cha ndoa. Sikukasirishwa na kuombwa cheti, maana niliambiwa kabla ya safari kwamba baadhi ya nyumba za wageni visiwani huuliza, na nilikuwa nacho ndani ya bahasha ya plastiki. Ninaheshimu desturi ya mahali. Kilichoniumiza ni kwamba wageni wawili kutoka Ulaya, mwanamume na mwanamke, waliingia tukiwa bado tumesimama, wakapewa maji ya madafu na ufunguo bila kuulizwa chochote, wakati mume wangu, mwenye mvi na pete kidoleni, anasubiri cheti chake kisomwe mstari kwa mstari. Desturi ikiwa ni desturi, na imhusu kila anayeingia mlangoni.

Ufunguo ulipotoka haukuwa wa chumba chetu. Ratiba inasema "ghorofa ya pili, baraza inayotazama bahari". Tulipewa chumba cha chini, upande wa nyuma, ambacho dirisha lake lilifunguka kwenye mota ya kupandisha maji ambayo iliwaka saa kumi alfajiri kila siku tuliyolala pale. Tulipolalamika tuliambiwa wakala hajamaliza kulipa, na kwamba tukitaka chumba cha baraza tuongeze dola 40 kwa kila usiku, yaani dola 120 kwa usiku tatu. Nikasema sisi ni Watanzania, tunalipa kwa shilingi. Mhudumu akatoa kikokotoo na kupiga hesabu kwa shilingi 2,900 kwa dola, wakati kiwango cha benki wiki ile hakikuwa kimefika hapo. Wanajukwaa mnafahamu kwamba kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kupangiwa bei na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Nilimkumbusha hilo kwa heshima. Alinijibu kwamba mfumo wao wa kompyuta unaandika dola tu. Hatukuongeza hata senti, na tulilala na mota usiku zote tatu.

Jioni ya kwanza tulipelekwa Forodhani. Bustani ile mtu huenda jua linapozama, anawatazama vijana wakijirusha baharini kutoka kwenye ukuta, taa za wauzaji zinawashwa moja baada ya nyingine, na hakuna anayemharakisha. Mume wangu alikuwa ameisubiri urojo kwa miaka, kwa sababu aliwahi kuila mara moja akiwa chuoni. Alipewa bakuli lake likifuka moshi, akatafuta pa kukaa, akafikia kachori ya kwanza, na muongozaji wetu akapiga makofi mawili kama anayeita wanafunzi na kusema, "Haya, wakubwa, twendeni, gari linaondoka." Tulikuwa tumekaa dakika 20. Lile kundi la wanane lilikuwa na chakula cha jioni kwingine, na gari ni moja. Mume wangu ni mtu mpole. Aliliweka lile bakuli ukingoni mwa ukuta likiwa zaidi ya nusu, akamshukuru mama aliyeuza, akaingia garini. Nimeshaona mengi katika kazi yangu, lakini picha ya lile bakuli ukutani inanirudia kila siku.

Sasa nije kwenye Jumatano, siku ambayo ndiyo hasa ilitufanya tuchague safari hii. Kwenye ratiba iliandikwa kwamba tungeondoka ufukweni saa tatu asubuhi kwa mashua yetu wenyewe, tungefika fungu la Nakupenda ambapo tungeandaliwa samaki na matunda, kisha tungemalizia Changuu kwa kobe. Kwa wasiofahamu, Nakupenda ni fungu la mchanga mweupe lililo mbele ya Mji Mkongwe. Maji yakipwa linatokeza na watu hushuka na kutandika mikeka. Maji yakijaa linazama. Jina lake ndilo linalowavuta wenye ndoa, na jina hilo wakala alilichapa kwa herufi kubwa kwenye tangazo lake.

Jumanne usiku tulipata ujumbe: mashua ya asubuhi imechukuliwa na lile kundi, sisi tutaondoka saa nane mchana na tutaanza na Changuu. Hatukujua madhara yake, kwa kuwa sisi ni watu wa bara na maji tunayoyajua ni ya mto. Changuu palikuwa pazuri. Kobe wale wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli, wameandikwa umri wao kwa rangi juu ya magamba, na nilimlisha mmoja majani ambaye ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Tuliona pia jengo lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kuwa gereza na likaishia kutumika kama karantini. Hata hivyo getini muongozaji alitutoza kiingilio ambacho ratiba inasema kimo ndani ya malipo, na risiti hakutupa.

Tulipofika Nakupenda ilikuwa karibu saa kumi jioni. Nahodha alipunguza mashine, akazunguka polepole, akanyamaza. Mbele yetu palikuwa na maji ya kijani kibichi yenye kung'aa, na chini yake mchanga ukionekana kama kitambaa kilichotandikwa chini ya kioo. Hapakuwa na pa kuweka hata mguu. Nikauliza fungu liko wapi. Yule mzee alinitazama kwa huruma ya kweli akasema: "Ndilo hili, mwanangu, tunaelea juu yake. Leo bamvua, mwezi mpevu. Saa nne asubuhi lilikuwa jeupe tupu, watu wakicheza mpira. Miye nilimwambia kijana wenu tangu jana, akanambia wewe endesha tu."

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu wakala amelijibu kwa kusema kwamba "bahari haina ratiba". Bahari ina ratiba, tena iliyochapishwa. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, saa zake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, na kila mvuvi wa Unguja anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne na saa tano asubuhi na kurudi kujaa alasiri. Mtu anayeuza safari ya fungu la mchanga bila kuangalia maji ni sawa na muuguzi anayetoa dawa bila kusoma jina la mgonjwa. Na wakala wetu hata hakuwa hajui. Aliambiwa siku moja kabla, akaamua kwamba saa njema ya bahari ipewe wengine na sisi tupewe iliyobaki, huku akijua kuwa hakuna tutakachokikuta. Samaki tulikula tumekaa ndani ya mashua inayoyumba, sahani zikiwa mapajani.

Alhamisi nitaieleza kwa ufupi. Ratiba iliahidi kuingia Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wakapoteza maisha, na tulipofika ukarabati ulikuwa ungali unaendelea. Bado wakala alituuzia kiingilio chake. Tulilitazama tukiwa barabarani kwa dakika tano. Ijumaa tukarudishwa kwa boti ya alfajiri badala ya ile ya mchana, kwa sababu ileile ya gari moja.

Ninachokidai ni hiki. Tofauti ya chumba kwa usiku tatu, gharama yote ya siku ya mashua, kiingilio tulichotozwa mara mbili, na malipo ya Beit al-Ajaib; kwa hesabu ya ratiba yao wenyewe jumla ni shilingi 615,000. Nimempelekea wakala barua na vielelezo, nikampa siku 14. Alijibu kwa ujumbe wa simu: "Asante kwa maoni yako dada, karibu tena," pamoja na picha ya ua. Siku 14 zimekwisha juzi. Baada ya hapo alinizuia nisimpigie.

Kwa hiyo ninaomba msaada wa wenye uzoefu, hasa mawakili na waliowahi kupeleka malalamiko ya namna hii mbele ya Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia pia haki za walaji. Wakala ofisi yake iko Bara, malipo yalifanyika Bara kwa simu, lakini sehemu kubwa ya huduma iliyokosekana ilitakiwa kutolewa Unguja. Je, lalamiko langu nilifungue upande gani, na je, ujumbe wa simu wenye tarehe unakubalika kama ushahidi au nitatakiwa kuuthibitisha kwa njia nyingine? Na kama kuna wanandoa wengine waliouziwa fungu la Nakupenda saa kumi jioni ya bamvua, tafadhali waandike hapa chini tarehe waliyosafiri, ili niiambatanishe na ya kwetu.