Naomba ushauri: kunakili santuri ya Clara Crocodilo bila kuharibu sauti

Wakuu, salamu. Naomba ushauri wa kunakili kwenye kompyuta santuri ya Clara Crocodilo, albamu aliyoitoa mwanamuziki wa Brazil Arrigo Barnabé mwenyewe huko São Paulo mwaka 1980. Katriji (kifaa kinachoshika sindano ya kusomea santuri) ni Audio-Technica VM95E, uzito wa sindano gramu 2.0, inarekodiwa biti 24 kwa kHz 96, kilele hakipiti dB -6.

Upande wa kwanza unatoka safi. Shida ni wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu: sauti ya mtangazaji inakwaruza kwenye kila "s". Najua karibu na kitovu mfereji wa santuri hupita taratibu zaidi chini ya sindano, kama sentimita 21 kwa sekunde badala ya 51 kule ukingoni, kwa hiyo mawimbi hubanana. Katriji imepangwa kwa Baerwald, mpangilio wa pembe ambao sindano hukaa sambamba kabisa na mfereji kwenye nukta mbili (milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati). Je, nihamie Stevenson, mpangilio unaopendelea mifereji ya karibu na kitovu, au ninunue sindano ya VM95ML, yenye ncha nyembamba zaidi, inayoingia kwenye katriji hiyohiyo? Na nitatambuaje kama mfereji umeshalika?

Pili, programu ya kuondoa mipasuko (milio mifupi ya vumbi na mikwaruzo) inakata ngoma. Muziki huu wa noti kumi na mbili (mtindo unaozipa noti zote kumi na mbili uzito sawa) umejaa midundo mifupi, mikali, ya ghafla, na programu inaidhania vumbi. Kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko mipasuko yenyewe. Mnaoijua kazi hii, mnasafisha kwa mkono, mpasuko mmoja mmoja, au kuna kipimo cha usikivu kinachoacha ngoma salama?