MREJESHO: Ultrasaundi kwa mkono uliovunjika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ni yule niliyeuliza kama ultrasaundi inaonesha mfupa wa kiganja uliovunjika, maana eksirei ya kituo chetu huku Pemba imeharibika. Ahsanteni mno!

Nilifuata ushauri wenu wa kupima mkono ukiwa ndani ya beseni la maji. Mchumaji karafuu aliyeanguka mkarafuuni alitumbukiza mkono, nami nikashika proba (kile kichwa cha mashine ya ultrasaundi) ndani ya maji, sentimita moja hivi kutoka kwenye ngozi, bila kumgusa. Hakugutuka hata mara moja. Chini ya kidole cha mwisho, mstari mweupe wa mfupa ulikatika, ukapanda kama ngazi. Eksirei ya Chake Chake ikathibitisha.

Kijana wa pili, mwenye maumivu upande wa dole gumba, sikuona kitu. Kumbe skafoidi, kile kifupa cha kifundo cha mkono upande wa dole gumba, ina ufa. Kifundo cha mkono kikiuma hivyo, fungeni gango, mpelekeni eksirei.