Re: Simu inashika mnara wa nani tukifika Namanga?

Dada wa South B, Jumatano usiku

Wapendwa habari za jioni, wakubwa shikamooni. Jumamosi namrudisha mama Arusha, alikuja kliniki hapa Nairobi, na safari hii sitaki yanikute ya Desemba. Desemba tulisimama Namanga upande huu huu wa Kenya, hata pasi hazijagongwa, wenzangu wako foleni mimi nimebaki na mizigo nikawa naangalia video mbili tatu namtumia shemeji picha, dakika ishirini hivi, salio lote la shilingi elfu moja na mia mbili likaisha na bando langu la wiki halijaguswa kabisa. Kupiga huduma kwa wateja naambiwa ulikuwa roming Tanzania, yaani laini yangu ya Kenya ilikuwa inatumia mtandao wa Tanzania. Nikamwambia dada, mimi nimesimama Kenya, akasema mfumo unaonyesha Tanzania, basi. Jina la kampuni silitaji, nilishalia yakaisha.

Ninachoomba ni hiki, mtu anajuaje simu yake imeshika mnara gani wakati huo huo, kabla hela haijakatwa? Maana vile vijiti vya netiweki vilikuwa vimejaa, nikajua niko salama.

Kaka wa Kitengela, Alhamisi asubuhi

Dada pole sana, na mpe mama shikamoo yangu. Hili jambo linanikera kwa sababu watu wetu wengi wanaokwenda na kurudi kwa hiyo barabara wanaliwa hivyo hivyo na hawajui kilichowala, kwa hiyo nivumilieni nitaandika kirefu.

Kwanza vijiti. Vijiti vinakwambia nguvu tu, havikwambii nguvu ya nani. Mawimbi hayaoni geti la mpaka, mnara ulioko Tanzania unaangaza mpaka huku, na pale Namanga una mlima Ol Doinyo Orok umekaa ubavuni, ukisimama mahali ambapo mlima au jengo linakukinga na mnara wa Kenya simu inashika wa ng'ambo kwa sababu ndio inaousikia vizuri. Na ikishaushika hairudi papo hapo, inakaa nao hadi ufike wakati wake wa kutafuta tena mtandao wa nyumbani, na hapo katikati wewe unaangalia video. Jina juu ya skrini nalo usilitegemee sana, simu nyingine zinaendelea kuonyesha jina la laini yako.

Kitu cha kuangalia ni namba. Kila nchi ina namba yake ya tarakimu tatu ambayo mnara unaitangaza muda wote, inaitwa MCC. Kenya ni 639, Tanzania ni 640, Uganda 641. Ukikariri hizo tatu umeshamaliza nusu ya kazi. Baada yake inafuata MNC, hiyo ni ya kampuni, mfano Safaricom ni 639 02, Airtel ya Kenya 639 03, ukivuka Vodacom ni 640 04 na Airtel ya Tanzania 640 05. Angalia hapo Airtel, jina moja nchi mbili, yaani ukisoma jina peke yake hujui uko wapi ila namba haikudanganyi.

Kuziona kwenye Android, fungua sehemu ya kupiga simu uandike *#*#4636#*#* bila kubonyeza kupiga, inafunguka yenyewe, chagua mstari wa taarifa za simu. Samsung nyingi hiyo haikubali, jaribu *#0011#. Zikigoma zote pakua programu kama Network Cell Info au CellMapper. Itakuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo na watu wanaogopa hapo, lakini bila hiyo ruhusa Android haiwezi kuipa namba ya mnara, kwa sababu ukijua mnara wa mtu umeshajua karibu na alipo. Ukimaliza safari iondolee ruhusa.

Sasa utaona namba nyingi usishtuke. MCC na MNC nimeshasema. TAC ni eneo, minara mingi inakaa ndani ya TAC moja, ikibadilika ujue umehama mtaa wa minara. Cell ID ndiyo yenyewe hasa. Kwenye 4G ni namba ndefu, na ndani yake kuna mnara na upande wa mnara, maana mnara mmoja kwa kawaida una antena za pande tatu au zaidi na kila upande una namba yake. Ukiigawa kwa 256, namba nzima unayopata ni ya mnara na kinachobaki ni upande. Nikitunga mfano, 5226754 gawa kwa 256 unapata 20417 na inabaki 2, basi uko mnara 20417 upande wa 2. Ukisogea ikawa 5226755 mnara ni ule ule umehamia upande mwingine tu. Mimi nyumbani hapa Kitengela ndivyo nilivyojua ruta yangu inahangaika kati ya minara miwili, nikaihamisha dirisha la jikoni ikatulia na mmoja, wiki nzima watoto hawajalalamika.

Halafu RSRP, hiyo ndiyo nguvu ya kweli, inaandikwa na alama ya kutoa. Kutoa 80 ni nzuri, kutoa 100 inavumilika, ukiona kutoa 115 na kushuka simu inakatika katika na betri inakwisha upesi kwa kuwa simu inapiga kelele ili isikike.

Kwa dada sasa. Ukitoka Kajiado, au chelewa sana Bissil, ingia setingi, mitandao ya simu, zima ile ya kuchagua mtandao yenyewe, chagua mwenyewe mtandao wako wa Kenya. Pia zima data ya roming kwa laini hiyo, hili ndilo la muhimu kuliko yote, nahisi Desemba ulikuwa umeiacha wazi. Hapo simu hata ikiona mnara wa Tanzania haiuendei. Ukishavuka kumbuka kurudisha kwenye kuchagua yenyewe la sivyo utakaa bila huduma mpaka Arusha ukidhani simu imekufa.

Mama wa Eastleigh, Alhamisi mchana

Mwanangu umeeleza vizuri Mungu akubariki. Mimi nina maswali mawili. Nina iPhone hizo alama zako nimeandika haijafunguka kitu. La pili, kijana wangu anaendesha lori la mizigo Mombasa mpaka Kampala, siku nyingine hapatikani siku nzima na mimi silali, je kwa njia hii naweza kuona laini yake iko mnara upi?

Fundi wa Ngara, Alhamisi jioni

Shikamoo mama. iPhone andika *3001#12345#* halafu bonyeza kupiga, hiyo ndiyo inabonyezwa. Utaona kurasa za namba, mpangilio unabadilika badilika kila toleo la iOS, tafuta palipoandikwa MCC, MNC na TAC. Programu za kupakua kwenye iPhone hazitakusaidia kwa hili, Apple haiziruhusu kusoma namba ya mnara, kwa hiyo ukiona programu ya kulipia inayoahidi hivyo kwa iPhone usitoe hela yako.

La kijana, hapana mama, simu yako inaonyesha mnara wa simu yako tu. Mnara wa laini ya mtu mwingine anaujua mwenye mtandao, na hawezi kukupa hivi hivi, Kenya kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na Tanzania kuna ya 2022. Wapo vijana wanatangaza kwamba kwa namba ya simu tu watakuonyesha mtu alipo, mama nakuomba usiwatumie hata shilingi. Kinachofanya kazi ni yeye mwenyewe akuwashie kushirikisha mahali alipo kwenye WhatsApp au Google Maps, na sehemu isiyo na data akutumie SMS ya kawaida akifika kituo, SMS inapita hata pale ambapo intaneti imekwama.

Nimsahihishe kaka wa Kitengela kidogo, au tuseme nimwongezee. Watu wakishapata namba wanakimbilia ramani ya CellMapper au OpenCellID kuona mnara uko wapi. Ramani zile zimejengwa na simu za watu wa kujitolea wanaopita njiani, alama ya mnara mara nyingi ni makadirio, imewekwa katikati ya sehemu ambazo simu zilisikia mawimbi. Barabarani ambapo watu wote wanapita kwa mstari mmoja, alama inaelekea kuangukia kwenye lami au jirani yake na mnara wenyewe uko kilimani huko. Na mnara unaouona kwa macho usidhani ndio wako, mlingoti mmoja unakodishwa na kampuni mbili tatu, na simu haichagui wa karibu inachagua unaosikika. Mkitaka umbali, simu zingine za Android zinaonyesha namba ya timing advance, kwenye 4G kila hatua moja ni kama mita 78, kwenye 2G ni kama mita 550. Ukiona 20 kwenye 4G mnara uko kama kilomita moja na nusu. Hiyo naiamini kuliko ramani.

Na kingine, skrini ikiandika 5G, mara nyingi Cell ID unayoisoma ni ya 4G inayoibeba hiyo 5G, msichanganyikiwe.

Kaka wa Kitengela, Ijumaa

Fundi umenisahihisha kwa haki, asante. Niliwahi kutafuta mnara kwa ramani hiyo huko Isinya nikaishia kwenye boma la mtu na mbwa.

Kwa wanaouliza faragha kwangu kuhusu ule mpango wa bei moja ya roming Afrika Mashariki, ulianza 2014 na Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, Tanzania hatukuwemo. Kwa hiyo aliyezoea kwenda Kampala bila kuwaza asidhani Namanga, Taveta au Loitokitok ni vile vile. Uliza bei ya kampuni yako kabla ya kutoka nyumbani.

Na wale wenye laini ya Tanzania humu Nairobi mnaoiweka kwa ajili ya M-Pesa na namba za siri za benki, hiyo laini yenu iko roming kila siku ya maisha yenu, mnara wake ni wa 639 hata kama skrini imeandika jina la nyumbani. Iache ipokee SMS, data yake izimwe. Kwenye simu ya laini mbili kila laini ina swichi yake ya roming, kuzima moja hakuzimi nyingine, hapo ndipo wengi wanakosea.

Dada wa South B, Jumamosi, Longido

Wapendwa tumevuka salama, gari limesimama kidogo dereva anakula, nawaandikia kwa laini ya Tanzania. Nilifanya kama darasa. Kajiado 639, Bissil 639, nikafunga pale pale nikachagua mtandao mwenyewe na data ya roming nikazima. Namanga kabla ya jengo la uhamiaji laini ya Kenya imebaki 639 lakini RSRP imeshuka mpaka kutoa 112, nikasogea kama hatua thelathini kuelekea maduka ikapanda kutoa 96, yaani kweli ni lile jengo lilikuwa linanikinga. Salio halijaguswa hata senti.

Ila nilisahau simu ya mama. Yake ni Android ndogo ina laini mbili, tukiwa bado Kenya nikaichungulia, laini yake ya Nairobi imeandika 640 na data iko wazi. Nikaizima hapo hapo, imekata shilingi arobaini na tano tu. Mama ananiuliza umejuaje, nikamwonyesha zile namba tatu, sasa hivi amekaa dirishani kila tukipanda kilima ananisomea mia sita arobaini, mia sita arobaini.

Fundi, akirudi mwezi wa sita kliniki nitakuja nae Ngara utuwekee ile programu kwenye simu yake, na kaka wa Kitengela kuna kilo mbili za mchele wa Mbeya zako, niambie nizifikishe wapi.