Tuchague vipi filamu fupi za tamasha la jamii bila kuugeuza utofauti kuwa pambo?

Mratibu_Mpya ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kamati yetu ya watu wachache wanaojitolea inaandaa tamasha la filamu fupi la siku mbili, ambalo lengo lake ni kuwapa nafasi watengenezaji huru wa asili, jinsia, umri na lugha mbalimbali, wakiwemo wenye ulemavu na wale wanaotoa filamu yao ya kwanza. Wito wetu umeitikiwa vizuri kuliko tulivyotarajia, na sasa tumekabiliwa na kazi ambayo hatukuitafakari mapema, nayo ni kuchagua. Baadhi ya wajumbe wanataka kila filamu ipewe alama, kisha zenye wastani wa juu ziingie, kwa hoja kwamba huo ndio uadilifu. Wengine wanahofia kwamba njia hiyo itapitisha filamu zenye kamera nzuri na bajeti kubwa na kuwaacha nje walewale tuliowaita. Aidha, hatujakubaliana kuhusu urefu, kwa kuwa tulitangaza kikomo cha dakika 40, wala kuhusu vipindi maalumu: je, filamu za wanawake, za wahamiaji na za watu wenye ulemavu zitengewe vipindi vyao, au zichanganywe na nyingine? Naomba ushauri wa waliowahi kukaa kwenye meza ya uteuzi.

Mpanga_Ratiba amejibu:

Ndugu Mratibu, nianze na urefu, kwa sababu ndio unaoamua ni sauti ngapi zitasikika. Taasisi inayotoa Tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40, pamoja na majina ya watendaji yanayopita mwanzoni na mwishoni, ilhali shindano la filamu fupi la tamasha la Cannes nchini Ufaransa huishia dakika 15. Sasa chukulieni kwamba kipindi kimoja cha maonyesho ni dakika 90. Filamu mbili za dakika 40 zinakaribia kukimaliza, lakini filamu za dakika 12 zinaingia saba na bado zinabaki dakika chache za kuwaita watengenezaji mbele. Kwa kuwa mmeshatangaza 40, msikibadilishe kikomo hicho mwaka huu, maana watu wametuma kazi zao kwa kuliamini tangazo lenu. Hata hivyo, hakuna kinachoizuia kamati kujiuliza, kila inapoitazama filamu ya dakika 36, kama inastahili kuchukua nafasi ya filamu tatu.

Kuhusu alama, nakubaliana na wenye hofu, ingawa si kwa sababu waliyoitoa. Kasoro ya wastani ni kwamba huzipendelea filamu zisizomuudhi mtu. Filamu iliyopata 7, 7 na 7 ina wastani wa 7. Filamu iliyopata 10, 8 na 2 ina wastani usiofika hata 7, na hivyo inaanguka, ilhali kuna mtazamaji mmoja aliyeiona kuwa bora kuliko zote alizotazama. Katika uzoefu wangu, filamu zinazotoka kwa watu ambao maisha yao hayaonekani sana kwenye skrini mara nyingi huwa na alama za aina hii ya pili, kwa sababu mteuzi mmoja anaelewa kinachosemwa na mwingine anaona ni kelele tu. Kwa hiyo tumieni alama kupunguza rundo, lakini msiziachie uamuzi wa mwisho. Kila filamu itazamwe hadi mwisho na wateuzi wasiopungua watatu wenye asili tofauti, na kila mteuzi apewe haki ya kuiokoa filamu moja iliyoanguka, kwa sharti kwamba aitetee kwa maneno mbele ya wenzake. Filamu yenye alama zinazopishana sana ijadiliwe kabla ya ile ambayo kila mtu ameipa alama ya kati.

Na kama jopo lenyewe lina watu wa aina moja, hakuna kanuni ya alama itakayolirekebisha.

Jicho_la_Tatu amejibu:

Naunga mkono hoja ya alama, ila ningependa tuwe waangalifu tusije tukasema kwamba ubora wa ufundi ni anasa ya wenye fedha. Sauti isiyosikika humnyima mtazamaji hadithi, hata kama hadithi yenyewe ni ya thamani kiasi gani. Mimi hutenganisha kasoro inayotokana na uhaba wa vifaa na kasoro inayotokana na kutojali. Picha yenye chembechembe kwa sababu taa hazikutosha naivumilia. Mazungumzo ambayo mtengenezaji mwenyewe hakujali kama yanasikika siyavumilii.

Tukumbuke pia kwamba filamu fupi haikuzaliwa kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye filamu ndefu tu. Tamasha la Oberhausen nchini Ujerumani lilianza mwaka 1954, na ni hapo ambapo mwaka 1962 watengenezaji vijana 26 walitoa tamko la kuikataa sinema ya wakubwa wao, wakitaja filamu fupi za vijana zilizokuwa zimepata tuzo katika matamasha ya kimataifa kama ushahidi kwamba sinema mpya inawezekana. Mteuzi anayetafuta katika kila filamu fupi dalili za filamu ndefu ijayo atazipita zile zilizokamilika zenyewe kwa dakika sita.

Mtazamaji_Mkongwe amejibu:

Kuhusu vipindi maalumu, nitasema jambo ambalo huenda wengi hawatalipenda: kuchanganya kila kitu si lazima kuwe haki zaidi. Kipindi cha filamu za viziwi, kwa mfano, huwaleta ukumbini viziwi ambao kwa kawaida hawaji kwenye matamasha, kwa sababu wana hakika kwamba kwa saa moja na nusu hawatakuwa wageni. Ukizitawanya filamu hizo katika vipindi sita, umemtaka mtu huyo anunue tiketi sita ili aone kilicho chake.

Mpanga_Ratiba amejibu:

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na sina budi kuikubali kwa sehemu. Ninachokipinga ni kipindi maalumu kinachopangwa saa ambayo hakuna anayekuja, halafu kipindi cha ufunguzi na cha kufunga vinabaki vya watu walewale wa kila siku. Pengine njia ni kukiacha kipindi hicho, kisha filamu moja kati ya zilizomo ionyeshwe tena usiku wa ufunguzi. Kwa filamu ndefu jambo hilo ni zito. Kwa filamu ya dakika tisa linawezekana kabisa. Vipindi vilivyobaki vipangeni kwa swali au hisia inayoziunganisha filamu, si kwa kitambulisho cha aliyezitengeneza, kwa sababu mwanamke aliyetengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu lifti iliyokwama huenda angependa iwe pamoja na filamu nyingine za kuchekesha.

Fundi_Projekta amejibu:

Wote mmezungumzia uteuzi, lakini utofauti hupotea pia ukumbini. Kama tamasha lina lugha nyingi, takeni kila filamu iwe na maandishi chini ya picha, hata ile iliyo katika lugha ambayo watazamaji wengi wanaielewa, kwani ndiyo yanayomwezesha kiziwi kufuata mazungumzo. Maandishi yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja, na kila mstari uwe na herufi zisizozidi 42 au karibu na hapo; zaidi ya hapo mtu anasoma badala ya kutazama. Faili za watengenezaji huru huja na kasi tofauti za picha, yaani 24, 25 au 30 kwa sekunde, na sauti za viwango tofauti kabisa. Filamu ya minong'ono ikifuatiwa na ya ngoma, watu wataziba masikio. Sawazisheni sauti za kipindi kizima kabla ya siku yenyewe, kwa vifaa vilevile na katika ukumbi uleule, na muitazame kila filamu mwanzo, katikati na mwisho.

Mratibu_Mpya ameuliza tena:

Nawashukuru sana. Tutaliongeza jopo la uteuzi na tutaitumia kanuni ya kuokoa filamu moja. Nina swali moja la nyongeza: tulikuwa tumepanga kuziweka filamu zote mtandaoni kwa wiki moja baada ya tamasha, ili ambao hawakuweza kufika wazione. Je, kuna ubaya?

Jicho_la_Tatu amejibu:

Msifanye hivyo bila idhini ya maandishi ya kila mtengenezaji, tena inayotaja muda na eneo. Kwanza, wengi hununua leseni ya muziki inayoruhusu maonyesho ya matamasha pekee, na kuiweka filamu mtandaoni ni matumizi mengine kabisa. Pili, filamu iliyokwisha kuonyeshwa hadharani mtandaoni inaweza kupoteza sifa ya kushindania Oscar, na yapo matamasha ambayo huikataa pia. Kwa mtengenezaji anayeanza, wiki moja ya ukarimu wenu inaweza kumfungia mwaka mzima wa maonyesho. Wapeni fomu yenye majibu matatu: ndiyo, hapana, au ndiyo kwa wenye tiketi tu kupitia kiungo chenye nenosiri. Fomu hiyo itumwe baada ya majina ya filamu zilizochaguliwa kutangazwa, ili asiwepo anayekubali kwa kuogopa kuachwa.