Tupeane uzoefu: kabini za bei nafuu kwenye meli ya utalii kwa wenye watoto wakubwa

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliosafiri na hizi meli kubwa za utalii wakiwa na watoto waliokwisha kua, miaka 13 kwenda juu. Ushauri mwingi ninaokutana nao ni wa wenye watoto wachanga: kitanda cha kichanga, maziwa, mlezi. Sisi ambao vijana wetu wametupita kimo tuna maswali mengine kabisa.

Tuko wanne: mimi, mke wangu, binti wa miaka 17 na mdogo wake wa kiume wa miaka 14. Tunaishi Uingereza. Tunafikiria wiki moja Mediterania, kupandia Barcelona. Pesa ni ya mshahara, hakuna ya ziada. Tuchukue kabini moja ya watu wanne yenye roshani, au mbili za ndani zisizo na dirisha? Anayejua aeleze alifanya nini na kwa nini, maana bei peke yake hainisaidii.

Mama wa Scarborough

Kaka, chukua mbili za ndani. Naishi Toronto, tumepanda meli za Florida kwenda Karibiani, nina binti na mtoto wa kiume waliokaribiana umri na wako.

Kabini ya watu wanne kwenye meli nyingi si kubwa kuliko ya wawili. Ni chumba kilekile cha mita za mraba 15 hivi, ila vitanda viwili vya ziada vinashushwa kutoka darini au ukutani usiku. Vikishashushwa, nafasi ya kupita inakwisha. Bafu moja, watu wanne, na chakula cha jioni kina saa yake. Halafu kuna jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo: binti mkubwa hawezi kubadilisha nguo chumba kimoja na baba yake na kaka yake. Kwa wiki nzima mtoto anaishi bafuni.

Sisi tuligawana, mimi na binti chumba kimoja, baba na kijana cha pili. Mgawanyo huo unatatua na sharti la umri. Kampuni ya Royal Caribbean, kwa mfano, kwa safari zinazoanzia Amerika Kaskazini wanataka kila kabini iwe na mtu wa miaka 21 au zaidi, isipokuwa watoto wakiwa chumba kinachopakana na cha wazazi. Kwa safari za Ulaya umri huo ni 18. Ukiweka mzazi mmoja kila chumba, huna haja ya kuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa hesabu. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja kwa kudhani mko wawili chumbani. Mtu wa tatu na wa nne mara nyingi hulipa pungufu. Chukulia mfano: roshani ni dola 1,000 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza na 500 kwa kila mmoja wa wale wengine, jumla 3,000. Ya ndani ni 700 kwa kichwa, wanne ni 2,800. Vyumba viwili, mabafu mawili, na bado pesa imebaki. Si kila safari itatoka hivyo, ndiyo maana usikubali kuangalia bei ya kichwa kimoja. Waambie wakupe jumla ya familia nzima, pamoja na ushuru wa bandari na bahshishi ya wahudumu. Bahshishi inakatwa kwa kila mtu kwa kila siku, na kijana wa miaka 14 kwenye kampuni nyingi analipa sawa na wewe.

Pwani ya Maskati

Namheshimu dada hapo juu, lakini kwetu kabini moja ilitosha na ningeichukua tena. Sisi wote watoto ni wa kiume, kwa hiyo lile la binti halikutugusa. Tulipandia Dubai msimu wa baridi, meli ya kampuni ya MSC, ambao mara nyingi wana ofa ya walio chini ya miaka 18 kutolipa nauli wakilala chumba kimoja na watu wazima wawili. Unawalipia ushuru wa bandari na gharama nyingine ndogo. Ukiwatoa kwenye chumba chako, ofa inaondoka. Kwa hesabu hiyo vyumba viwili vingetugharimu karibu mara mbili.

Na vijana hawakai chumbani. Wanakuja kulala saa 6 usiku, asubuhi wako kwenye chakula. Meli nyingi zina sehemu maalumu ya vijana, na zinawatenga kwa umri ili mtoto wa 12 asichanganywe na wa 17.

Kama unataka ya watu wanne, iwahi. Hazijengwi nyingi, na meli ina kikomo cha watu kwa kila kituo cha mashua za uokozi, hivyo unaweza kuona vyumba vya wawili bado vipo tele na ukaambiwa vya wanne vimekwisha.

Mwana wa Kigoma

Nimekulia karibu na Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo habari za vyumba vya meli nilizijua kabla ya kuijua bahari. Kuna jambo linanifurahisha kila nikilikumbuka: Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na karakana ya Meyer, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha. Karakana hiyohiyo ndiyo imejenga nyingi ya meli hizi za utalii mnazozizungumzia, Disney Dream ikiwemo.

Mchango wangu ni mahali pa chumba. Ukichagua ya ndani, usichague kwa bei tu, fungua ramani ya sitaha, yaani ghorofa za meli. Angalia juu yako kuna nini na chini yako kuna nini. Chini ya bwawa la kuogelea utasikia viti vinaburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa maonyesho utasikia ngoma hadi usiku. Kule omo kabisa, mbele ya meli, kuna nanga, na ikishushwa asubuhi hakuna anayelala. Chumba kizuri ni kile ambacho juu yake vyumba na chini yake vyumba. Anayesumbuliwa na mawimbi akae katikati ya meli, sitaha za chini. Bahati nzuri huko ndiko bei huwa ndogo.

Chumba cha ndani kina giza hasa, saa 4 asubuhi ni kama saa 9 usiku. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha kamera ya mbele. Iacheni ikiwaka bila sauti, mtajua kumekucha.

Mama wa Scarborough

Asante Mwana wa Kigoma, hilo la chaneli tulilifanya pia. Niongeze kidogo: si lazima vyumba vyote viwili viwe vya aina moja. Unaweza kuchukua chenye dirisha upande mmoja wa korido na cha ndani mkabala nacho. Mchana wote mnakusanyika penye dirisha. Na kama mna bibi anayesafiri nanyi, mpeni chumba na wajukuu wa kike. Yeye ndiye mtu mzima wa chumba, na wao watamsaidia ngazi.

Mkereketwa wa Mombasa

Mleta mada, jihadhari na ile bei ya chini kabisa ambapo unalipia aina ya chumba tu, namba ya chumba wanakupangia wenyewe baadaye. Kwa wawili ni nzuri sana. Dadangu alichukua mbili za namna hiyo, kampuni ikampangia sitaha tofauti, moja karibu na omo, nyingine tezi, yaani nyuma ya meli. Hawakukubali kubadilisha kwa sababu ndivyo masharti yalivyoandikwa. Wenye watoto walipie tofauti hiyo ndogo wachague namba zinazofuatana.

Mleta mada

Nashukuru sana wote, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Nimeshaona kwamba kwetu ni vyumba viwili, mama na binti, mimi na kijana. Pasipoti zetu ni za Tanzania na vibali vya ukaazi ni vya Uingereza. Kuna la kuangalia upande wa viza?

Nesi wa Bristol

Lipo, na ni kubwa kuliko la kabini. Kibali cha ukaazi cha Uingereza hakikuingizi Hispania, Ufaransa wala Italia. Kila mmoja wenu, watoto pia, anahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kabla ya kupanda. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja hasa kama meli inapita Tunisia, Moroko au Uturuki, kwa sababu ukitoka nje ya Schengen na kurudi Barcelona hiyo ni kuingia upya. Mwenye viza ya mara moja anaweza kukataliwa kupanda palepale bandarini, na nauli hairudi.

Kwa hiyo kabla hujalipa zaidi ya amana, soma tarehe ya mwisho ya kughairi, kisha hesabu kama viza itakuwa imetoka. Agosti kila mtu anaomba. Likizo ya Pasaka au ile ya Oktoba ina foleni fupi zaidi na kwa kawaida vyumba huwa nafuu.

Jambo jingine ni kadi ya chumba, ambayo ndiyo inayolipia kila kitu ndani ya meli. Nenda mapokezi siku ya kwanza uwaambie kadi za watoto zisifanye manunuzi, au ziwekewe kikomo. Waulize na saa ya mwisho ya walio chini ya miaka 18 kuzunguka bila mzazi. Meli nyingine ni saa 7 usiku.

Pwani ya Maskati

Na kama mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri na watoto, abebe barua ya idhini ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mke wangu aliulizwa barua hiyo kaunta ya kupandia, watoto wakiwa wameshasimama kwenye mstari na mizigo imekwenda.