Binti yangu kazaliwa Bujumbura, mimi Mtanzania wa Ujiji. Katimiza miaka 18, uraia wake ukoje?

mama_wa_ujiji
Wakuu, salaam aleikum. Naandika kwa simu, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, babu na bibi wa pande zote mbili wamezikwa hapa hapa. Mwaka 2005 niliolewa na Mrundi mchuuzi wa dagaa, tukakaa Buyenzi, Bujumbura. Binti yetu alizaliwa huko Novemba 2007. Baba yake akafariki. Vurugu za 2015 zilipoanza nikamshika mtoto mkono, tukatokea kijiji cha Kagunga mpakani, tukalala ufukweni siku nne mpaka meli ya Liemba ikatuchukua kutuleta Kigoma. Kaka yangu akaja kututoa uwanja wa Lake Tanganyika. Tangu siku hiyo tuko nyumbani.

Binti kasoma hapa mpaka kidato cha nne. Sasa anataka kitambulisho cha taifa, maana hata laini ya simu anatumia iliyosajiliwa kwa jina langu. Kuna dawati nilielekezwa. Kijana wa pale alikigeuzageuza kile cheti cha kuzaliwa cha Kifaransa, akauliza, "Bibi yake mzaa baba kazikwa wapi?" Nikasema Gitega. Akafunga faili akanirudishia: "Huyu ni wa kule, mama." Basi. Tumerudi na bodaboda, mtoto hajaongea njia nzima.

Je, kweli mtoto wangu si Mtanzania?

mgebuka77
Pole mama. Ila ukweli mchungu, mtoto ni wa baba. Baba Mrundi, mtoto Mrundi. Aombe uraia kama wageni wengine.

mzee_wa_faili
Mgebuka, hiyo ni sheria ya enzi za uhuru. Zamani aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba tu, mama hakuhesabiwa. Sheria ya Uraia ya 1995 (Sura ya 357) ilibadilisha: aliyezaliwa nje ni raia kwa kurithi ikiwa baba AU mama yake ni raia wa Tanzania, ila mzazi huyo asiwe naye raia wa kurithi. Mama kazaliwa Ujiji, kwa hiyo mtoto alikuwa Mtanzania tangu siku anazaliwa. Kaburi la bibi wa Gitega halihusiki hapo.

Usiombe tajinisi, yaani uraia wa kuomba, dada. Hiyo ni njia ya mgeni: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka 7 au zaidi, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na Waziri akikataa halazimiki kukupa sababu. Ukimwombea binti tajinisi ni sawa na kukubali kwa mkono wako kwamba ni mgeni.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo miaka 18. Burundi uraia unakwenda kwa baba, kwa hiyo binti alikuwa na nchi mbili bila kuomba. Utotoni haina shida. Akishafika 18, sheria yetu inamtaka aukane ule mwingine, ale kiapo cha utii, na kwa kuwa kazaliwa nje atoe pia tamko kuhusu makazi yake. Asipofanya hivyo ndani ya muda uliowekwa, uraia wa Tanzania unamtoka wenyewe, bila mtu yeyote kumfukuza. Msilaze damu.

bandari_ndogo
Yaani Mkenya na Mrundi wanaruhusiwa mbili, sisi bado tunakana. Haya.

kaliua_kwetu
Niko Ulyankulu, Tabora. Wazazi wangu ni Warundi waliokimbilia huku 1972, wamo kwenye wale 160,000 na ushee waliopewa uraia. Walikubaliwa 2010, vyeti vikaja 2014. Mzee kakitia chake kwenye nailoni mbili, kakiweka juu ya kabati, na hakuna mtoto anayekigusa. Anajua tofauti: raia wa tajinisi anaweza kunyang'anywa, kwa mfano akibainika alidanganya kwenye maombi, au akifungwa miezi 12 na zaidi ndani ya miaka mitano tangu apewe. Kwa hiyo namuunga mkono mzee wa faili, kama binti ana haki ya kurithi asichukue njia yetu.

Swali: pale uwanjani 2015 waliwaandikisha?

mama_wa_ujiji
Hapo ndipo moyo unanidunda. Ndiyo. Niliwaambia kwa Kiswahili mimi ni wa Ujiji, mwandikishaji akacheka, akasema wote wanasema hivyo. Akatuandika Warundi, mimi na mtoto, tukavishwa utepe mkononi. Kaka alikuja jioni na kadi yangu ya kliniki ya zamani tukaachiwa. Kambini hatujafika.

mzee_wa_faili
Kuandikwa vibaya kwenye orodha hakukuvui uraia. Lakini usifiche, isije ikaonekana wamegundua wao. Eleza kwenye hati ya kiapo, kaka yako awe shahidi. La muhimu zaidi: wewe mwenyewe uliwahi kuchukua karangamuntu, kitambulisho cha uraia cha kule? Kuolewa hakukupotezei uraia, ila mtu mzima akienda kuomba uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa hapa unakufa.

mama_wa_ujiji
Sijachukua. Marehemu alinisihi sana nichukue, nikakataa. Nilikuwa napita mpaka wa Manyovu kwa hati ya dharura.

mzee_wa_faili
Basi kukataa kwako kumemwokoa mwanao. Nenda Uhamiaji mkoa, siyo dawatini kule. Beba cha kwako kwanza: cheti cha kuzaliwa au hati ya kiapo, leaving ya shule ya msingi, barua ya serikali ya mtaa. Kisha cheti cha binti kilichotafsiriwa. Ubalozi mdogo wa Burundi upo Kigoma mjini, waulize utaratibu wa kuukana. Na binti ajue hili mapema: yeye ni raia wa kurithi, akijifungulia nje ya nchi mtoto wake hatarithi kwake. Azalie hapa, hospitali ya Maweni.

mgebuka77
Nimekaa kimya najifunza. Samahani mama.

mama_wa_ujiji
Umesamehewa mwanangu. Nimepekua sanduku la mama jioni hii, nimeipata leaving yangu ya 1994. Ina doa la mawese kwenye kona ila jina na muhuri vinasomeka. Nani anamjua mtafsiri wa Kifaransa hapa mjini asiye na bei za kuua?